Shamapasa si mtu mmoja: jinsi ya kusoma madaftari ya ukoo hapa Lubumbashi

Wiki chache baada ya kilio, familia moja ya Katuba iliniita nyumbani kwao. Marehemu alikuwa karani wa reli, na kwa zaidi ya miaka 30 jioni zake alizitumia kuandika: nani alizaa nani, nani alitoka kijiji gani, nani alishuka kwenye treni mwaka gani, kambi ipi ilijengwa kabla ya ipi. Hakusomea historia. Aliwauliza watu kwenye vilio, kwenye harusi, kwenye foleni ya pensheni, kisha akirudi nyumbani anaandika kabla usingizi haujamwibia maneno. Aliacha sanduku la bati lenye madaftari 19, haya ambayo hapa Lubumbashi tunayaita makaye, na ndani yake bahasha za picha, kadi za ubatizo, na buku tatu za kazi za wakati wa Wabelgiji.

Watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuyashughulikia. Mjukuu mmoja alipewa makaye sita ayapige kwenye kompyuta, akatoa kurasa 40 safi, zenye vichwa vya habari na mistari iliyonyooka. Mpango ulikuwa amalize yaliyobaki, kila mtoto apate nakala yake, na yale ya zamani yachomwe kwa sababu mchwa walikuwa wamekwisha kuyaonja. "Papa aliandika bintu mingi ya kupingana," mtoto mkubwa aliniambia. "Tunataka tubakize ile ya kweli tu."

Niliwaomba wasichome hata ukurasa mmoja. Kwa siku mbili tulikaa chini ya mwembe tukilinganisha nakala safi na makaye yenyewe, na ninayoeleza hapa ndiyo niliyowaonyesha. Nayaandika kwa sababu masanduku ya namna hii yapo mengi katika mitaa ya mji huu, Katuba, Kenia, Ruashi, Kamalondo, na karibu kila moja lina mjukuu anayelisafisha kwa nia njema.

Tuanze na Shamapasa. Katika kurasa safi alikuwa mtu mmoja, babu mkubwa wa ukoo. Alizaliwa Kalukuluku, karibu na mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Alifika kutoka Lomami mwaka 1926. Alivuka mto Lualaba zama za Msiri, yule mfalme wa Bunkeya aliyeuawa Desemba 1891. Alikuwa na wake wawili ambao hawakujuana. Watoto walisoma maisha hayo wakaona haya: ama mzee wao alidanganywa, ama alichanganyikiwa uzeeni.

Lakini Shamapasa si jina la mtu. Mapasa ni mapacha, na Shamapasa ni heshima anayopewa baba aliyezaa mapacha. Mwanaume yeyote aweza kuwa Shamapasa asubuhi moja tu, mkewe akijifungua wawili, na kuanzia hapo majirani wanaliacha jina lake la zamani. Karani akimuuliza "jina?", anajibu Shamapasa, nalo linaingia kwenye buku la kazi kama jina la kuzaliwa. Katika makaye ya mzee walikuwamo akina Shamapasa watatu. Wa kwanza ameandikwa kwa wino wa buluu, na pembeni mwa ukurasa kuna maneno madogo: "kinywa ya mama mukubwa, kilio ya Kenia, 1979". Wa pili amenakiliwa kutoka kwenye buku la kazi, pamoja na namba yake ya kampuni. Wa tatu amesimuliwa na mjomba wa upande wa mama. Mjukuu aliyaacha yale maneno ya pembeni kwa sababu yalionekana kama uchafu wa ukurasa, na alipoyaacha, watu watatu wakawa mmoja.

Mapacha wenyewe nao wana mengi ya kusema kwa anayejua. Kwa Waluba wa Katanga wanaitwa Kyungu na Kabange. Kwa wale wa Kasai, Mbuyi na Kabanga. Ukikuta Kabange kwenye orodha ya watoto na Kyungu hayupo, usipite haraka. Uliza Kyungu alikwenda wapi. Mara nyingi ni mtoto aliyefariki siku ya kwanza, na hakuna karatasi yoyote ya serikali wala ya padri iliyowahi kumtaja. Herufi chache za jina la ndugu yake ndizo ushahidi pekee kwamba aliwahi kuwapo.

Majina ya watu ni fundo kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kwenye jalada la kaye la kwanza mzee amekata jina lake la ubatizo kwa mstari mmoja wa rula, akaongeza jina la babu yake. Kwenye makaye ya miaka ya 1990 jina la ubatizo limerudi. Katika nakala safi jina ni lile lile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo huwezi tena kujua ukurasa gani uliandikwa lini. Halafu kuna tahajia. Padri Mbelgiji kutoka Flandria alisikia kwa sikio lake la Kiflemi, karani wa Kiwaloni kwa lake la Kifaransa, na mwalimu wa Kiprotestanti aliyefika kwa njia ya Rhodesia kwa lake. Sauti moja inakuwa Tshibangu, Chibangu au Cibangu. Ziwa Mweru kwenye ramani za Wabelgiji ni Moero. Tahajia ikibaki kama ilivyo, inakuambia jina lilipitia mkono wa nani.

Mahali napo ni vilevile. Mji huu ulikuwa Élisabethville hadi 1966, na wazee wengi waliendelea kusema É'ville miaka mingi baadaye. Likasi ilikuwa Jadotville, Kalemie ilikuwa Albertville. Sasa angalia kilichotokea. Mzee aliandika kwamba dada yake "alikala Albert mupaka kufa". Mjukuu, kijana mwenye elimu, alijua kwamba majina ya kikoloni yamebadilishwa. Akaona Albert, akakumbuka Albertville, akasahihisha: Kalemie. Lakini Albert ilikuwa komuni, ile tunayoiita leo Kamalondo, mtaa mkongwe kabisa wa Waafrika katika mji huu. Mama wa watu aliyeishi maisha yake yote mwendo mfupi kutoka posta alihamishiwa kwenye fukwe za Tanganyika kwa sahihisho la neno moja.

Na jimbo? Katanga iligeuzwa Shaba mwaka 1971, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, ikagawanywa majimbo manne mwaka 2015. Ukurasa unaosema Shaba unajitaja wenyewe umri wake: uliandikwa kati ya 1971 na 1997, au na mtu aliyezoea kusema hivyo miaka ile. Ukiandika Katanga mahali pa Shaba umefuta tarehe bila kujua kwamba ilikuwa tarehe.

Fundo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni neno "mimi". Katika kaye la 11 mjomba anasema: "Mimi nilivuka Lualaba, mimi nilipeleka mukuba kwa Msiri." Mukuba ni shaba nyekundu, zile za misalaba walizoyeyusha wenyeji karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kuundwa mwaka 1906. Mjomba huyo alikuwa hai miaka ya 1980. Hesabu inakataa, kwa hiyo nakala safi iligeuza "mimi" kuwa "Shamapasa" ili hadithi ipate mwenyewe.

Upande wa mama wa mzee ni Walamba, wenye ardhi hii kabla ya mji. Kwao, kama kwa Wabemba na Walunda, mtu akifa anarithiwa kwa kile wanachokiita kupyana. Mrithi hapokei vitu tu. Anapokea jina, na nafasi ya marehemu katika udugu: watoto wa marehemu wanamwita baba hata kama wamemzidi umri, na akisimama kusimulia, anasimulia kwa mdomo wa jina lile. Akina Kazembe, wafalme wa Luapula, husema "mimi" kwa mambo ya zamani sana yaliyofanywa na Kazembe mwingine. Kwa hiyo "mimi" ya mjomba ilikuwa kweli tupu kwa sheria za masimulizi yake. Aliyevuka ni jina, na jina lilikuwa limeketi mbele ya mzee likinywa chai. Ukimbadilisha msemaji unapoteza habari mbili: kwamba jina hilo ni la zamani kiasi gani, na kwamba siku ile mjomba ndiye aliyekuwa amelibeba.

Hapohapo ndipo mti wa ukoo unapovunjika. Programu za kompyuta zinachora shina la baba, na matawi yanashuka. Kwa Waluba inakaribia kutosha, kwa maana ukoo unafuata baba. Kwa Walamba, Wasanga na Wabemba ukoo unafuata mama, na mjomba ana neno zito juu ya mtoto kuliko aliyemzaa. Familia hii ni ya pande zote mbili, kama nyumba nyingi za mji huu wa wageni. Mzee alilijua tatizo na alilitatua kwa njia yake: upande wa baba aliuchora kuanzia juu kwenda chini, upande wa mama kuanzia katikati kwenda nje kama mawimbi. Mjukuu alichora mti mmoja. Wajomba wote wakadondoka. Mahali ambapo mzee aliandika "baba mwanamke", mjukuu alidhani kalamu iliteleza akaandika "mama". Kumbe mzee alikuwa anatafsiri: kwa Waluba shangazi ni baba wa kike, na ndivyo anavyoheshimiwa.

Kuhusu karatasi rasmi niseme kwa ufupi, kwa sababu ndizo watu wanaziamini kupita kiasi. Buku la kazi linasema mtu alizaliwa «vers 1908», na hilo neno la Kifaransa, yaani karibu na, linafunika mengi: mganga wa kampuni alimtazama meno na kifua akakadiria. Kabila lililoandikwa mara nyingi ni lile la chifu ambaye watu wake waliandikishwa siku ile, au la wilaya walikotoka. Wafanyakazi waliotoka Lomami katika miaka ya 1920 waliitwa Walomami, kama kwamba ni kabila. Karatasi nayo ina kinywa chake, na kinywa hicho kilikuwa na haraka.

Ukurasa wa Desemba 1941 upo mara nne. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, na tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, karani aliyezungumza kwa niaba yao, aliuawa pale. Hesabu ya waliokufa iliyotolewa na serikali na ile ya wazee hazijawahi kukutana. Mzee aliuliza watu wanne. Mmoja alikuwepo uwanjani. Mmoja alikuwa mke wa mfanyakazi, alisikia milio akiwa kambini na unga mikononi. Mmoja alikuwa mtoto aliyefungiwa ndani. Mmoja alizaliwa baadaye, na anasimulia alichosikia kwa baba. Hawakubaliani nani alizungumza mwisho, wala maiti zilipelekwa wapi. Nakala safi ilikuwa na masimulizi moja tu, yenye mtiririko mzuri, yaliyochota kidogo kwa kila mmoja. Hayo ni masimulizi ya tano, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyatoa.

Nikawakumbusha jambo la kwao wenyewe. Waluba walikuwa na lukasa, kipande cha ubao chenye shanga na kombe, walichokisoma kwa vidole wazee wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye. Ubao ulikuwa mmoja, lakini msomaji aliusoma kulingana na jambo lililowakutanisha na watu walioketi mbele yake. Hakuna aliyezing'oa shanga ili ibaki njia moja. Makaye ya mzee yana undugu na lukasa kuliko na kitabu cha shule.

Mtoto wa pili wa marehemu, mama mwenye akili kali, aliniuliza swali lililo zito zaidi: "Na yale mabaya?" Alimaanisha kurasa zinazosema nani alikuja katika ukoo kama mtumwa wa kununuliwa, nani si mtoto wa anayemwita baba, na nani asili yake ni Kasai. Hilo la mwisho si dogo hapa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wakiwa wamezaliwa hapa wao na wazazi wao; walilala kwenye vituo vya treni, na wengi walifia pale au njiani. Orodha ya asili za watu inaweza kuwa silaha. Nilimjibu ninavyoamini: ukurasa kama huo usichomwe, na pia usisambazwe. Utiwe kwenye bahasha, bahasha iandikwe ni nani anaruhusiwa kuifungua na baada ya muda gani, na walioandikwa humo wakiwa hai waulizwe kwanza. Kuhifadhi na kutangaza ni kazi mbili tofauti, na watu wengi huchoma kwa sababu wanadhani ni moja.

Kazi yenyewe ya mikono ni ya kawaida, ila ina utaratibu. Kabla ya kugusa chochote, piga picha sanduku lilivyo, kwa sababu mpangilio wa mwenyewe ni habari: kadi ya ubatizo iliyokuwa kati ya ukurasa wa 12 na wa 13 ilikuwa hapo kwa sababu. Kisha namba kwa penseli. Kisha picha za kurasa zote kwa simu, kivulini mchana, bila mwanga wa simu, pamoja na majalada na kurasa tupu. Pini zenye kutu zitolewe. Usigandishe kwa plastiki, usibandike utepe wa gundi; gundi inakula karatasi kuliko mchwa. Karatasi yenye unyevu ikaushwe kivulini, maana jua la Septemba hapa linapausha wino. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, juu ya matofali, mbali na ukuta.

Unapopiga kwenye kompyuta, fuata mstari kwa mstari, tahajia ya mzee kama ilivyo, pamoja na maneno ya pembeni. Maoni yako yawe kwenye safu nyingine. Kila mtu anapotajwa abaki peke yake hadi upate sababu ya kumuunganisha na mwingine, na sababu hiyo uiandike. Nakala moja itoke nje ya nyumba. Katika mji huu wapo waliozoea kazi hii: mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 kati ya watu wa Chuo Kikuu na Makumbusho, ulikusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida, hadi vyombo vya jikoni.

Kuhusu tahajia kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililoniumiza moyo na kunifurahisha siku moja. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa, kwa niaba ya wenzake waliofanya kazi ya uboi. Ilipigwa kwa mashini, maneno yameshikana na kukatika popote. Miaka mingi baadaye mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipotaka kuichapisha, macho pekee hayakutosha. Ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha, aisome kwa sauti, na sauti ndiyo iliyoonyesha neno linaanzia wapi. Kitabu kilitoka mwaka 1990 kikiwa na maandishi yale kama Yav alivyoyaandika. Mtu angeyanyoosha mapema kwa kukisia, tungebaki na makisio yake.

Mzee wetu naye alishikanisha maneno. Katika kaye la nne kuna mstari: "mwanawakendaalikufanasurua". Mjukuu alikuwa ameandika: mwana wake Nda alikufa na surua. Nda aliingia kwenye mti wa ukoo, na alama ya kuuliza mbele ya mwaka wa kuzaliwa. Nilimwomba shangazi yao, dada mdogo wa marehemu, atusomee ukurasa kwa sauti. Alivaa miwani, akasoma polepole, na alipofika pale hakusita: "Mwana wa kenda alikufa na surua." Kijana alinyanyua kichwa. Yeye anahesabu kwa Kifaransa, kama rika lake lote hapa mjini. Kenda, hiyo tisa ya wazee, hakuwahi kuisikia.

Nda akafutika. Lakini watoto wa nyumba ile, kama kila mtu alivyojua, walikuwa wanane. Shangazi aliweka kaye magotini, akahesabu kwa vidole kuanzia marehemu mwenyewe, akafika wanane, akarudia. Kisha akataja jina la msichana ambalo wote waliokuwepo hawakuwahi kulisikia, akasema alikuwa anatembea tayari, alikuwa anaanza kusema. Kijana alichukua penseli, akaliandika pembeni mwa ukurasa, na chini yake kwa herufi ndogo: kinywa ya shangazi, Katuba, na tarehe ya siku ile.